Dakika Ishirini za Bi Mkubwa

Jumanne, saa nane na robo mchana, mchapaji alivua hedifoni, akanyoosha mgongo, akamkuta mama yake amezimika tena kwenye kiti cha dirishani. Kikombe kilikuwa nusu ya njia kwenda mdomoni. Macho yalikuwa wazi na kidole cha shahada kimenyooka, kwa namna ya mtu anayetaka kuongeza neno. Chai haikumwagika wala haikupoa. Bi mkubwa huyo akizimika na chai, chai nayo huzimika, na akirudi huikuta ya moto vilevile. Kwa hiyo mchapaji hakuhangaika na kikombe. Alitoka uani akaanua nguo kwanza.

Kazi ya mchapaji ilikuwa kusikiliza. Maofisi yalimtumia vikao vilivyorekodiwa, vya kamati, vya bodi, vya wapangaji wanaogombania maegesho, naye alikaa sebuleni mbele ya kompyuta ya nyumbani, mguu kwenye pedali ya kurudisha sauti nyuma, akiandika kila kilichosemwa. Katika hilo hakuwa na mpinzani. Mjumbe akikohoa, aliandika kwenye mabano kwamba mjumbe anakohoa. Mtu akinong'ona nyuma ya ukumbi, alirudisha mara sita, na akishindwa kabisa ndipo aliandika: haisikiki. Neno hilo hakulipenda. Mwezi mzima ungeweza kupita hajaliandika.

Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, naye alizeekea kwenye hedifoni. Miaka ishirini na minane alikuwa opereta wa simu, akichomeka na kuchomoa waya kwenye ubao wa kuunganishia watu. Opereta wa zama zake walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: ukimwacha mtu anangoja kwenye laini, kila nusu dakika unamrudia, unamwambia, "Nipo, sijakusahau." Hata kama huna jipya la kumwambia. Bi Mkubwa alisema mtu anaweza kungoja saa nzima bila kununa, mradi asikie hayo.

Tangu ahamie kwa bintiye alikuwa na kisa kimoja alichotaka kukisimulia mpaka mwisho. Kilianza hivi: "Zamu ile nilikuwa peke yangu, mara taa zote kwenye ubao zikawaka kwa mpigo, nikachomeka waya wa kwanza, nikasikia sauti ya..." Na hapo kila mara binti alijibu bila kugeuka, "Subiri kidogo mama, nimalizie hapa." Bi Mkubwa alisubiri. Zikitimia dakika ishirini bila mtu kumsemesha, alizimika.

Kumwamsha hakukuwa na mambo mengi. Unaita "Mama!" mara moja, unangoja. Kifuani mwake hutoka mvumo mwembamba, unapanda, unatulia. Sekunde nane, hazizidi. Kisha anakutazama na kuuliza, "Umemaliza?"

Aliyegundua chanzo ni mume wa mchapaji, msoma mita za umeme, mtu ambaye hawezi kupita karibu na swichi bila kuizima. Alikuwa amesikia ile diski kubwa ya pili, yenye picha za harusi na kanda za zamani, ikizunguka bure mchana kutwa. Akafungua mipangilio ya umeme kwenye kompyuta ili ailaze. Kwenye orodha palikuwa na mistari mitatu: diski ya kwanza, diski ya pili, Bi Mkubwa. Mbele ya kila mmoja paliandikwa: izimwe baada ya dakika ishirini.

"Kumbe mama naye yumo humu," alisema.

"Umemweka wewe?" aliuliza mkewe.

"Mimi? Nimemkuta."

Alhamisi alikuja fundi wa kompyuta kusafisha feni, wakamwonyesha. Fundi alitazama orodha akaendelea kupuliza vumbi. "Zinatoka kiwandani hivyo," alisema. "Mkiacha bila kugusa, ndiyo ishirini. Mzee wangu mimi nimemweka kumi."

"Na haina madhara?" aliuliza mchapaji.

"Kuzunguka hakuiui diski, dada. Kinachoichosha ni hii zima washa, zima washa. Hebu tumsome."

Akabonyeza mara mbili, ikafunguka taarifa fupi. Diski ya pili ilikuwa imechakaa kidogo. Chini yake paliandikwa: Bi Mkubwa. Ameamshwa mara mia nne na kumi na mbili. Muda aliosomwa, saa tisa. Hitilafu, hakuna.

"Saa tisa kwa wiki?" aliuliza mchapaji.

"Tangu Januari," alisema fundi.

Wakati huo ilikuwa Oktoba. Mchapaji alihisi uso unamwaka. Aliona aibu mbele ya fundi, halafu akaona aibu zaidi kwamba ameona aibu kwa sababu ya fundi. Mume wake alisema saa tisa si haba kwa mtu anayefanya kazi. Fundi alirudishia mfuniko, akakaza skurubu nne, akaaga.

Mchapaji akapiga moyo konde. Kwenye mstari wa Bi Mkubwa alifungua orodha ya dakika, akashuka mpaka chini kabisa palipoandikwa "kamwe", akachagua hapo na kuhifadhi. Mvumo ukapanda, ukatulia.

"Umemaliza?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Nimemaliza, mama. Na hutazimika tena."

"Haya, ahsante." Akanywa chai yake, ya moto. "Basi, zamu ile nilikuwa peke yangu, mara taa zote..."

Kikao cha wapangaji kilitakiwa saa kumi kamili. Mchapaji alikuwa na kurasa kumi na nne mbele yake.

"Subiri kidogo mama," alisema.

Tangu siku hiyo Bi Mkubwa hakuzimika. Alikaa dirishani macho makavu, asubuhi mpaka jioni na jioni mpaka asubuhi. Alikunja taulo, akazikunjua, akazikunja upya kwa upande mwingine. Mmea wa kwenye kopo aliumwagilia maji mpaka ukataka kuoza. Alijifunza mlio wa pedali, akaweza kujua kwa mlio tu kama anayeongea ni mwenyekiti au katibu, maana katibu alimeza maneno na kurudishwa mara nyingi zaidi. Nyuma ya kalenda alipiga mstari kwa kalamu kila alipoambiwa asubiri. Msoma mita alikagua mita ya nyumba kila siku na kuridhika. "Hali umeme hata kidogo," alisema. "Nilidhani tutalia."

Siku ya tisa mistari nyuma ya kalenda ilifika sitini na mmoja. Bi Mkubwa aliinuka, akasogea mpaka kwenye kompyuta, akamgusa bintiye begani. Mchapaji aliondoa hedifoni kwenye sikio moja.

"Mwanangu, nirudishe."

"Nikurudishe wapi, mama?"

"Kwenye dakika zangu."

"Jamani, mama! Unaumwa?"

"Siumwi. Nilipokuwa nazimika nilikuwa singoji. Sasa nangoja kutwa nzima, na wewe hunirudii hata kunambia upo."

Mchapaji alilengwa na machozi. Alimpenda mama yake, hilo hakuna aliyelibisha ndani ya nyumba ile, hata mama mwenyewe.

"Nisamehe, mama. Weka kiti hapa. Nisimulie sasa hivi, kisa chote, ndipo nitabonyeza. Nakusikiliza."

Bi Mkubwa akavuta kiti, akakaa, akaweka kikombe kwenye kona ya meza. Akasimulia zamu ile, taa zilivyowaka, waya wa kwanza, sauti aliyoisikia, ilikuwa ya nani na ilimwambia nini, na kwa nini siku ya pili yake hakurudi kazini. Mchapaji aliitikia "mm" na "ehe" pale panapostahili. Sikio la kulia lilikuwa wazi. La kushoto lilibaki ndani ya hedifoni, na mguu haukutoka kwenye pedali.

"Ndiyo hivyo," alisema Bi Mkubwa. "Nimemaliza mimi. Nirudishe."

"Ishirini?"

"Weka tano."

"Tano ndiyo nzuri," alisema msoma mita kutoka jikoni. "Na ile diski ya pili iwekee tano papo hapo."

Mchapaji akaweka tano, kote kuwili. Bi Mkubwa alirudi dirishani na kikombe chake. Dakika tano zikapita, akatulia, chai ikatulia naye.

Mchapaji akaanza kupitia ukurasa kabla ya kuutuma. Katikati ya hotuba ya mwenyekiti, kwa mkono wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa kwenye mabano: mwanamke anaongea pembeni, haisikiki. Mistari mitatu chini, tena: haisikiki. Alihesabu, zikafika saba. Akarudisha sauti nyuma, akasikiliza kwa masikio yote mawili. Kwenye kikao kile kulikuwa na wanaume peke yao.

Akageuka kwenye kiti.

"Mama!"

Mvumo ukapanda, ukatulia. Sekunde nane.

"Umemaliza?" aliuliza Bi Mkubwa.

Mchapaji aliangalia saa ya ukutani. Zilibaki kurasa mbili, na kikao kilikuwa kinangojwa.

"Bado kidogo," alisema.

"Haya," alisema Bi Mkubwa, akanywa funda moja la chai, ya moto vilevile, akakishika kikombe vizuri ili kisimsumbue akizimika.