Unga wa Mama Oswald

Mwaka ule wa vita vya Kongo, ufukwe wa Kibirizi, pale Kigoma, ulijaa watu waliovuka ziwa mikono mitupu. Heritier na wenzake, wavuvi kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, walifunga turubai karibu na boti za Nikodemu, tajiri wa dagaa. Siku dhoruba ilipokata kamba za boti zile, wao ndio waliojitosa majini wakazirudisha. Hakuna aliyewatuma.

Baadaye watoto wao walipoanza kushinda njaa, Heritier alimwendea Nikodemu, akamwomba unga na dagaa kwa adabu.

"Wewe ni nani hasa?" Nikodemu alimjibu mbele za watu. "Siku hizi kila mwizi akitoroka kwao anajiita mkimbizi!"

Margareta, mkewe Nikodemu, alikuwa akianua dagaa wake wakati Dainess, jirani yake, alipomjia mbio.

"Mama Oswald, mumeo kawatukana wale Wakongo. Wamebeba mafuta ya taa. Wanasema haitabaki boti hata moja."

Margareta akasimama, dagaa mkononi. Jumapili iliyopita mwinjilisti alikuwa amewasomea habari za Nabali, tajiri mpumbavu aliyewatukana watu waliomlindia mifugo, na mkewe Abigaili. Kisha akawauliza akina mama hekima ni nini. Margareta alijibu kwamba ni kunyamaza, akasifiwa. Sasa aliliona jibu lile si kweli. Abigaili hakunyamaza. Alipakia punda chakula akatoka kuwalaki watu wale kabla hawajalipiza kisasi.

"Mimi sina punda," alisema, "lakini kichwa ninacho. Dainess, nitwishe gunia hilo la unga."

Walimkuta Heritier amesimama kando ya boti na dumu la mafuta lililobaki nusu, wenzake nyuma yake.

"Mama, rudi nyumbani. Bwana yako ametuita wezi."

"Nimesikia. Amekosa, na mimi nimeona aibu. Chakula hiki si sadaka, ni haki yenu. Ila mkichoma boti, kesho Kigoma nzima itasema Nikodemu alisema kweli. Na hawa watoto mtawapeleka wapi tena?"

Mmoja wao akatema mate chini. Margareta hakurudi nyuma. Alikaa mchangani, mgongo wake ukigusa boti, akafungua gunia, akaanza kupima unga kwa bakuli. Mama mmoja wa Kikongo akasogea na sufuria. Wa pili akafuata. Heritier aliwatazama kwa muda, kisha akalitua dumu.

"Mungu akubariki, mama. Nilikuwa naenda kujiharibia."

Nyumbani, Margareta alimngoja mumewe amalize kula, ndipo akamweleza yote.

"Nani kakupa ruhusa?" Nikodemu aliruka.

"Hakuna. Ningengoja ruhusa, boti zako zingekuwa majivu. Wakipungukiwa nitapeleka tena, na nitakuaga kabla sijatoka."

Nikodemu aliinua mkono, ukabaki hewani, akaushusha. Alitoka, akateremka ufukweni. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka.

"Kamba zimelowa mafuta ya taa," alisema. "Yule Heritier… anajua kushona nyavu?"

"Kamuulize mwenyewe. Na uanze kwa kumwomba radhi."

Nikodemu alishusha pumzi, akavaa kofia yake, akateremka tena. Safari hii Margareta alimsindikiza hadi njiani, akasimama kuhakikisha hageuki.