Namba ya Mume Wangu

Mbwa aliyening'ata hakuwa wa mtu. Alinikuta mlangoni nimeinama naokota sindano, akanidaka shavu la mguu, huyoo akaenda zake. Nilimtukana mpaka koo likakauka. Mteja aliyefuata gauni lake ndiye aliyenikokota hadi zahanati. Mimi ningefunga kitambaa nikaendelea kushona.

Muuguzi alikuwa binti mdogo, mkavu wa maneno. Aliniosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akanichoma sindano, akanipa kadi.

"Tarehe zote zimo humu, mama. Usikose hata moja. Unajua kusoma?"

Swali gani hilo mbele za watu! Benchi zima likanigeukia. Mimi namba za futi nazijua zote, ila maandishi tuligawana nyumbani: mwenzangu anasoma, mimi nashona.

"Mume wangu atanisomea," nikajibu.

"Vizuri. Nipe namba yake, tumkumbushe."

Nikaitaja bila kukwama. Sikusema kwamba mwenye namba nilimzika mwaka juzi. Simu yake ninayo kwenye droo ya cherehani, katikati ya nyuzi na vifungo. Kila Jumapili naichaji, na vocha naitilia. Usiniulize kwa nini. Hakuna anayeipigia.

Sindano ya pili nilikwenda, maana mguu ulikuwa bado unauma. Baada ya hapo kidonda kikafunga vizuri kabisa. Sasa fundi gani anarudia mshono uliokwisha kushika? Kadi nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Ningempa nani anisomee? Jirani, akanitangaze? Thubutu!

Juzi mchana nilikuwa napinda suruali ya mtu, mara droo ikaanza kulia.

Mlio ule sikuwa nimeusikia tangu msiba. Niliuacha uite, jamani, nausikiliza tu, machozi yananidondokea juu ya suruali ya watu. Ukakatika. Ukaanza tena, nikapokea.

"Shikamoo. Napiga kutoka zahanati. Naomba kuongea na mzee."

"Marahaba. Ametoka."

"Basi mwambie mkewe alitakiwa jana kwa sindano ya tatu, hakuja."

"Kidonda chake kimepona," nikasema kwa ukali.

"Kidonda si hoja, mama. Chanjo haikuwa ya kidonda. Ni ya kuupa mwili nguvu ya kupigana na kichaa cha mbwa kabla hakijafika kichwani. Ngozi inaweza kupona na ugonjwa bado uko njiani. Ukishaanza kuonekana, hatuna dawa, ni kufa. Aje leo hii, tutaendelea nazo. Mzee atamleta?"

Nikakitazama kiti chake. Nimekitundikia nguo za wateja, lakini ni chake.

"Mzee alishafariki," nikasema. "Mgonjwa ni mimi. Na kusoma sijui."

Nikajua ama anacheka, ama ananihurumia, na yote mawili nilikuwa siyataki.

"Pole sana, mama," akasema taratibu. "Njoo na kadi, nitakuelekeza siku moja moja. Sasa niandike namba ya nani, wa kukukumbusha?"

Nikawapitisha kichwani watu wote nilionao. Haikuchukua muda.

"Iache hiyo hiyo," nikamwambia. "Nitakuwa napokea mimi."