Kano la Kidole cha Shahada

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa hospitali kupimwa kidole cha shahada, kile nilichokatwa na kioo cha saluni wiki aliyofariki mdogo wangu Bahiya. Kidonda kimefunga, lakini kidole hakikunjiki. Na mimi ni msusi.

Mlangoni daktari ananipa chanuo.

"Mwanga umekaa pale," anasema. "Huo ndio utakaotuonyesha kama kano, ule mshipa unaokunja kidole, limepona. Lakini hauingii mwilini na nywele timtim. Uchane mpaka zilale upande mmoja."

Mwanga uko kwenye benchi, nywele zimesimama kila upande. Nauchana kwa mkono wa kushoto.

"Polepole, dada, unaniumiza," unasema. Nauomba radhi.

Nikimaliza, tunaingia wote kidoleni. Ndani ni ukumbi mrefu. Nyuzi za kano zimelala sambamba kama nywele zilizotiwa mafuta, na mwanga ukizipitia zinang'aa. Tunafika palipokatika. Giza. Hapo nyuzi zimekumbatiana ovyo, nyingine zimepandana.

"Mbona nyinyi hamng'ai?" nauliza.

"Tuliitwa kwa haraka," unajibu uzi mmoja mzee. "Pengo lilikuwa kubwa, kila mmoja akashika alipopata. Na mwanga huu unawajali waliojipanga tu."

"Mtajipanga lini?"

"Ukituvuta. Kidogo kidogo, kila siku. Tangu msiba hujatugusa."

"Inauma."

"Tunajua. Sisi ndio tunaouma."

Nageuka kumtafuta daktari, na ukumbi umekuwa chumba cha nyumbani kwetu Tanga, siku ya maziko. Bahiya amelala ubaoni, ameshaoshwa na kutiwa karafuu maiti. Siku ile waoshaji walimsuka wao, misuko mitatu, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na bendeji yangu.

"Dada," anasema bila kufumbua macho, "wamenisuka shaghalabaghala. Nisuke wewe."

"Kidole hakikunjiki, mdogo wangu."

"Basi tutakawia. Mimi sina haraka."

Namfumua. Naanza upya. Kila nikivuta, nyuzi zinalia kidoleni, nami nalia nje. Msuko wa kwanza unakamilika, na wa pili. Lile giza la ndani linapungua, labda kwa uzi mmoja. Wa tatu nauacha katikati, maana mwadhini anaadhini, na mwanga unasema unahitajika nje.

Nikaamka. Kidole kilikuwa kimenyooka vilevile. Rukaya, binti wa marehemu, alikuwa ameniletea chai. Alinishika mkono anisaidie kuketi, akaunusa, akabaki ameushikilia.

"Mama mkubwa," akasema, "mbona mkono wako unanukia karafuu maiti?"

Nilimpa kidole.

"Kivute," nikamwambia. "Hata nikilia."