Hakuna Changamoto

Dorika Felisiani aliufikia ukurasa wa arobaini na moja wakati mwenyekiti wa halmashauri bado anawakaribisha wageni, na hapo hapo masikio yake yakaziba. Alikuwa diwani wa kata ya Ikomanzi, mwaka wake wa tatu. Kabrasha la kikao alilikuta mezani asubuhi ile, nene kama tofali, wakati kanuni zinataka madiwani waletewe wiki nzima kabla. Akawa analipekua harakaharaka akitafuta kata yake, akaiona. Kijiji cha Kabunde: kisima kimoja cha pampu, kinafanya kazi. Hakuna changamoto.

Alirudia mstari ule mara tatu. Pampu ya Kabunde ilikufa mwaka jana, mwezi wa tano. Tangu hapo wanawake wa kijiji wanachota mtoni, kwenye kona ambayo mamba wameifanya kwao. Mwezi wa kumi na moja mamba alimkamata Pudensiana, mke wa fundi baiskeli, akamvuta kwa mkono wa kulia mpaka maji yakamfika kifuani. Wenzake walimng'ang'ania kwa khanga na kwa nywele. Roho ilibaki, lakini mkono ulikatwa hospitalini Mpanda, juu ya kiwiko. Dorika ndiye aliyekaa naye wodini siku kumi na mbili akimfundisha kushika kijiko kwa kushoto. Yote hayo aliyaandika mwenyewe kwenye taarifa ya kata, kurasa tatu za mkono, akamkabidhi mtendaji wa kata azipige chapa.

Akanyoosha mkono kabla dua haijapoa midomoni mwa watu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna uongo ukurasa wa arobaini na moja."

Mwenyekiti, Mheshimiwa Erasmus, alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo, na kadiri mtu alivyopandisha yake ndivyo yeye alivyoishusha. "Mheshimiwa Dorika, taarifa za kata ni ajenda ya nne. Tupo ya kwanza. Kaa, mama."

Akakaa. Ajenda ya kwanza ikapita, ya pili ikaburuzwa na diwani mmoja aliyetaka kujua kwa nini gari la takataka halifiki kwake. Dorika hakusikia hata nusu. Alikuwa anaiona ile kona ya mto, na ndoo za njano zimepangwa mchangani, na mwanamke mmoja anapiga maji kwa fimbo ili wengine wachote.

Ajenda ya nne ilipofika, mwenyekiti alisema zipokewe kwa ujumla wake, kwa kuwa wajumbe wamezisoma.

"Sijazisoma," Dorika akasema, amekwisha simama. "Nimepewa leo saa tatu. Na ya kwangu siyo niliyoandika. Kabunde hakuna kisima kinachofanya kazi. Kuna mwanamke hana mkono. Taarifa hii ikipita inakwenda mkoani, na huko ndiko wanapopanga nani achimbiwe kisima mwaka ujao. Kijiji chenye kisima kizima hakiingii hata kwenye foleni."

Mkurugenzi alimnong'oneza mwenyekiti. Mwenyekiti akalamba kidole, akafunua, akafunua tena.

"Mheshimiwa, hapa ukurasa wa arobaini na tatu kuna saini. Ni ya nani?"

Dorika akafunua. Ilikuwa yake. Ile D yake yenye tumbo, na mkia unaokwenda kulia.

Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya, wakicheka jinsi watu wanavyocheka mwenzao akijikwaa. Mwenyekiti akasema baraza haliwezi kupokea maneno ya mdomo yanayogombana na maandishi ya mtu huyo huyo, na kwa kuwa chakula kimeiva, wapumzike, wakirudi wapige kura.

Dorika hakwenda kwenye chakula. Alizunguka nyuma ya ukumbi, ambako watendaji wa kata walikuwa wamesimama na sahani zao za wali, akamkuta Abednego, mtendaji wake, anang'ata paja la kuku. Kijana mpole, amesoma, anamwita mama tangu siku ya kwanza.

"Nani amekutuma?"

Abednego akaweka sahani chini. Hakujaribu kukana, na hilo lilimchoma Dorika zaidi. "Mama, taarifa ya mwaka juzi ilisema kisima cha Kabunde kimekamilika. Niliambiwa ofisini taarifa mbili zisigombane. Nikabadilisha mistari ile tu."

"Mistari ile tu."

"Nilikuletea usaini. Ulikuwa msibani."

Ndipo akakumbuka. Msiba wa mjomba wake katika kijiji cha Mamba, siku ya pili. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wanachambua mchele, Abednego akainama, akamnyooshea karatasi moja na kalamu, akasema ni ile taarifa, mama, ukurasa wa mwisho tu. Akasaini juu ya ungo.

"Ulijua sitasoma," akasema.

"Ulikuwa na msiba, mama."

"Ndiyo maana ukaja."

Abednego alitazama kuku wake. Dorika alitaka kumpiga kofi, mbele ya watendaji wote, na mkono ulikuwa umeshaanza safari. Aliurudisha. Kilichomzuia hakikuwa huruma. Ni kwamba kofi lile alijua nusu yake ni lake mwenyewe. Miaka mitatu alikuwa akiwaambia wanawake wa Ikomanzi wasiweke dole gumba kwenye karatasi ya mtu kabla hawajasomewa.

Faudhia, diwani wa viti maalum na rafiki yake, alimkuta kwenye bomba ananawa uso.

"Umekula?"

"Sitaki kula."

"Basi sikiliza. Watatu wameondoka, kuna mazishi Shanwe saa kumi. Asubuhi tulikuwa kumi na mmoja. Sasa hivi tupo wanane." Faudhia akapunguza sauti. "Kati ya kumi na sita. Wanane ndiyo akidi. Mimi siwezi kutoka, kiti changu unajua ni cha kupewa na chama. Lakini nimekuhesabia."

Waliporudi ndani, mwenyekiti hakupoteza muda. Wanaoafiki taarifa za kata zipokewe kwa ujumla wake waseme ndiyo.

Dorika alisimama, akafunga kabrasha, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. 

"Mheshimiwa Dorika, hatujamaliza."

Alipofika mlangoni akageuka. "Nimesaini bila kusoma. Hilo ni kosa langu na nitalisema Kabunde kwa mdomo wangu. Lakini sitakaa humu nikawa mtu wa nane wa kupitisha uongo. Mimi natoka, na nikitoka mnabaki saba. Hesabuni."

Mwenyekiti akahesabu kwa macho. Kisha akamtazama mwanasheria wa halmashauri, mwanamke aliyekuwa kimya tangu asubuhi.

"Chini ya nusu hamuwezi kuamua kitu, Mheshimiwa," mwanasheria akasema, akiangalia kalamu yake. "Ndivyo kanuni zinavyosema."

Kwa mara ya kwanza siku ile sauti ya Erasmus ilipanda. "Unavunja baraza kwa ajili ya pampu moja."

"Mlilivunja nyie mlipoandika," Dorika akajibu, akatoka.

Kikao kiliahirishwa. Wajumbe walitoka mmoja mmoja, wengi wakampita kama nguzo. Masele hakumpita. Alikuwa diwani wa kata ya wafugaji jirani na Kasansa, Msukuma mrefu ambaye baba yake aliteremka na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla yeye hajazaliwa. Alisimama mbele ya Dorika, kofia mkononi.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "ajenda ya tano ilikuwa josho langu la ng'ombe."

 Dorika alikuwa ameisoma orodha ya ajenda asubuhi, namba tano ameiona kwa macho yake. Alipokuwa anatembea kwenda mlangoni hakuikumbuka kabisa.

"Miaka minne nalisubiri," Masele akasema. "Kupe wanatumaliza. Leo lilikuwa linapita, hakuna aliyelipinga. Ungeniambia tu, ningejua."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo. Na wewe ungetoka vilevile. Lakini ungekuwa umeniambia."

Akavaa kofia, akaenda.

Mwenyekiti alijua namna ya kuadhibu bila kuandika barua. Kanuni zilimruhusu kuitisha kikao ndani ya siku chache. Akakiitisha baada ya wiki tano. Katika wiki hizo Dorika alikwenda Kabunde, akasimama mbele ya wanawake, akasema alichosaini. Alitegemea watamzomea. Hawakumzomea. Pudensiana, ncha ya khanga ameibana kwa meno ili aifunge, alimaliza kwanza kufunga, ndipo akasema, "Kwa hiyo mimi sikuwepo kwenye karatasi."

"Hukuwepo."

"Basi nitakwenda mwenyewe wanione."

Na kweli alikwenda. Siku ya kikao alikaa mstari wa mbele wa wageni, karibu na meza ya mkurugenzi, kigutu cha mkono kimeegemezwa juu ya kiti wazi kila mtu akione. Taarifa mpya ya Ikomanzi ilisomwa mstari kwa mstari, na hakuna aliyesema ipokewe kwa ujumla wake. Josho la Masele lilipita pia, dakika nne tu, hakuna aliyelipinga. Chama kilimpa Dorika onyo la maandishi. Abednego alihamishiwa kata nyingine, na aliyemwambia abadilishe hakutajwa popote. Hilo ndilo lililoendelea kumwamsha Dorika na hasira asubuhi hata baada ya mafundi kuja Kabunde, mwezi wa nane, na pampu kutapika matope siku nzima kabla ya kutoa maji.

Katika wiki zile tano ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, iliua ng'ombe sita wa Masele. Dorika alisikia, akaenda bomani kwake kumpa pole. Mkewe, Ng'washi, alimletea kiti na kikombe cha maziwa. Masele alitoka zizini, akamsalimia vizuri, akauliza habari za watoto na za mpunga. Habari za ng'ombe hakuzigusa, wala Dorika hakupata pa kuanzia. Walikaa hivyo mpaka maziwa yakaisha. Kisha akaaga, na Masele akamsindikiza mpaka penye mti wa kufungia punda, akarudi.