Barua ya Mzee wa Lindo

"Niwekee hapa, juu ya paja la kushoto, binti," mzee alisema. "Huu mkono wa kulia siku hizi ni wa kupungia watu tu."

Wageni wengine tisa wakacheka. Karani akapiga magoti, akaweka mto mdogo pajani mwa mzee, na juu ya mto akaweka pedi ya kuchezea gemu. Kisha akakisogeza kiti cha magurudumu cha mzee mpaka skrini ikawa mbele yake sawasawa. Muda wote huo hakumtazama usoni. Alijua akimtazama tu, mdomo utamponyoka amwite baba.

"Umekaa vizuri, mzee?"

"Kama bwana harusi."

Walikuwa wamekubaliana asubuhi, wakati anamfunga vifungo vya shati: kule ofisini wasijuane. Kanuni ilikuwa wazi, ndugu wa wafanyakazi hawaalikwi. Lakini wageni kumi wa siku ile walichaguliwa kwa kura na mashabiki wenyewe, na jina lililoongoza lilikuwa "Mzee wa Lindo". Pale kazini hakuna aliyejua Mzee wa Lindo ni nani, isipokuwa Karani, na Karani alinyamaza. Baba yake aliona jambo lote ni mzaha. "Miaka thelathini na moja nimelinda milango ya watu," alimwambia, "nitashindwa kulinda mdomo wangu asubuhi moja?"

Kampuni yao ilitengeneza gemu, na gemu iliyowapa jina ilikuwa Pita Kimya. Ndani yake wewe ni mjumbe. Una barua mfukoni, na mbele yako kuna majumba yenye walinzi. Huna silaha. Unanyata, unajibanza, unangoja, unapita. Mashabiki walikuwa na fahari moja tu, kufika mwisho bila kuonekana na mtu yeyote. Zilitoka tatu, kisha kampuni ikanyamaza miaka sita. Mashabiki hawakukata tamaa. Kila walipokutana kwenye jukwaa lao mtandaoni waliambiana, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," na jinsi miaka ilivyosonga ndivyo huo mshindo walioungoja ulivyozidi kukua.

Kazi ya Karani ilikuwa kuwasoma. Alisoma kila walichoandika, sifa na matusi, akavigawa mafungu, na kila Jumatatu akaweka karatasi moja mezani kwa Mkurugenzi: wanataka nini, wanaogopa nini, wangapi. Ndipo jina la Karani likamganda.

Baba yake aliingia katika umati huo kwa njia ya ugonjwa. Kiharusi kilimwangusha miaka minne nyuma, na daktari akasema vidole vipewe kazi. Karani akamletea Pita Kimya ya kwanza nyumbani.

"Mimi?" mzee alishangaa. "Mlinzi mstaafu, unataka nijifunze kunyatia walinzi wenzangu?"

Lakini akanasa. Ule haukuwa mchezo wa haraka, na haraka ndiyo hasa aliyokuwa amenyang'anywa. Aliweza kujibanza nyuma ya pipa dakika ishirini, akimsoma mlinzi wa kwenye skrini kama anavyosoma gazeti. "Huyu ana kichomi," angesema. "Ngoja, atainama." Na kweli mlinzi aliinama, na mzee akapita. Akaanza kuwaelekeza wengine jukwaani kwa jina la Mzee wa Lindo, akiandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na watu wa mbali ambao hawajawahi kumwona wakawa wanamwamkia kila asubuhi. Kuhusu gemu ya nne iliyokuwa ikitengenezwa hakumuuliza Karani hata siku moja. "Umekula kiapo cha siri, mama," alimwambia. "Mlinzi haulizwi funguo ziko wapi."

Mwaka mmoja kabla ya siku hii, kampuni iliwauliza mashabiki wanataka nini. Majibu yalikuwa elfu kumi na moja, mengi ya mstari mmoja. Walinzi wawe werevu zaidi. Walinzi wasidanganywe kwa kutupiwa jiwe. Tumekuwa wakubwa, tupeni kazi ngumu. Katikati ya hayo ilikuwamo barua ya kurasa nne.

"Walinzi wenu wa zamani walikuwa watu," Mzee wa Lindo aliandika. "Yule wa ghalani alikanda goti kila alipomaliza kuzunguka, na goti lile mimi nalijua. Hatupiti kwa sababu mlinzi ni mjinga. Tunapita kwa sababu amechoka, na amechoka kwa sababu wa kumpokea zamu hajatokea. Mimi mwenyewe niliwahi kulinda mlango miezi miwili, ndipo nikaambiwa nyuma yake hakuna chumba, ni ukuta. Wafanyeni wakali, sawa. Lakini tuachieni ule wakati mlinzi anapotazama pembeni akawaza nyumbani kwake. Hapo ndipo sisi wengine tunapopita."

Karani aliisoma mezani kwake, akaisoma tena. Kisha akaiweka pembeni. Alijiambia ni kwa sababu ya haki: ni baba yake, watu watasema. Alijiambia pia kwamba barua ile haikuwa na safu ya kuingia, maana huwezi kuandika "mmoja anataka mlinzi awaze kwake". Akaitia kwenye faili lililoitwa Mengineyo, ambalo hata yeye hakulifungua tena. Jumatatu ile karatasi yake ilisema: asilimia themanini na moja wanataka walinzi wakali zaidi.

Sasa walinzi hao wa gemu ya nne, ambayo bado haijatoka, walikuwa mbele ya macho ya wageni.

"Anzeni," Mkurugenzi alisema. Alikuwa mama mrefu, mpole wa sauti, na siku hiyo alikuwa amevaa kama mtu anayeozesha binti.

Mwanzoni chumba kilijaa vicheko na miguno. Mwalimu wa hisabati aliyeketi karibu na mzee, mama mnene mwenye miwani, alikamatwa mara mbili. Ya tatu akapita kwa kukimbia na kuteleza chini ya meza, akapiga kelele, "Mmetisha! Hii ndiyo niliyoingoja!" Mbunifu, mtu aliyetengeneza walinzi wale kwa miaka mitatu, alikuwa amesimama nyuma ya viti, akajipangusa jasho la furaha.

Mzee alikamatwa. Akaanza upya, akakamatwa. Mara ya tatu hakusogea hata kidogo. Alijibanza nyuma ya nguzo, akatulia kama alivyozoea, jicho kwa mlinzi. Dakika tano zikapita. Kumi. Mlinzi alikwenda na kurudi, shingo ikigeuka kushoto, kulia, kushoto, wala hakukohoa. Mzee alipodhani amepata mwanya, kidole chake kikachelewa kidogo tu, na taa nyekundu ikawaka. Mara ya nne. Ya tano. Karani alisimama ukutani akishika ubao wake wa kuandikia, na kila taa nyekundu ilipowaka alichora mstari mmoja. Ilipofika ya saba, wengine walikuwa wamemaliza, na chumba kizima kilikuwa kinamtazama mtu mmoja.

Mzee akaishusha pedi.

"Huyu ameingia zamu saa ngapi?" akauliza.

"Nani, mzee?" Mbunifu akainama.

"Huyu mlinzi."

"Hana zamu. Yupo tu."

"Anakula?"

"Hapana."

"Hasinzii, hana mguu unaomuuma, hana mtoto mgonjwa aliyemwacha nyumbani." Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Tajiri wangu angempata huyo zamani, angenifukuza siku hiyohiyo."

Watu wakacheka, lakini kwa chini.

"Mashabiki ndio walioomba wakali, mzee wangu," Mbunifu alisema kwa upole. "Tunayo karatasi."

"Najua. Vijana wanataka mbio, ni haki yao. Ila mimi niliandika kitu kingine. Kurasa nne. Sijui kama zilifika."

Mkurugenzi akatangulia kujibu. "Tunasoma kila barua, mzee. Yako tuliijadili sana. Ila, unajua, huwezi kumridhisha kila mtu."

"Aah." Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi mliipima, mkaiona nyepesi. Si neno. Mwenye nyumba ndiye anayejua mlango wake."

Akaitikia tena, kama mtu anayekubali hukumu. Na kule kukubali ndiko kulikomshinda Karani. Kama baba angekasirika, angeweza kuvumilia. Lakini alimwona akijikunja kidogo kwenye kiti, akijaribu kuchukua nafasi ndogo zaidi, kwa ajili ya hukumu ambayo hakuna aliyeitoa.

"Haikujadiliwa," Karani alisema.

Mkurugenzi akageuka.

"Haikufika kwako, mama. Ilifika kwangu nikaiweka pembeni." Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Niliiweka pembeni kwa sababu ni baba yangu."

Mwalimu wa hisabati akavua miwani akaanza kuifuta. Karani alisubiri baba yake amtazame, lakini mzee alikuwa anaitazama skrini, ambako mlinzi aliendelea kwenda na kurudi.

"Haya," mzee alisema mwishowe. "Haya basi. Nitoe nje, mwanangu, hapa pana joto."

Ukumbini Mkurugenzi aliwafuata. Hakupaza sauti. "Umenifanya mwongo mbele ya watu," alimwambia Karani. "Na kanuni ya ndugu ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua."

"Kaa nyumbani mpaka nikuite."

Hakusema atamwita lini. Alirudi ndani kwa wageni wake, na mlango ulipofungwa wakasikia sauti yake ikichangamka upya.

Mbunifu ndiye aliyebaki. "Hiyo barua," alisema. "Unayo?"

Karani aliifungua kwenye simu yake. Mbunifu akaisoma akiwa amesimama, kurasa zote nne, mgongo ukutani. Alipofika mahali fulani alitoa kicheko kifupi. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Zimebaki wiki tatu tufunge kazi," alisema. "Walinzi mia mbili na arobaini. Wote nimeshawatengeneza." Akamrudishia simu. "Ungenipa mwaka jana." Akampa mzee mkono, mkono wa kushoto, akaenda zake upande ambao haukuwa wa kile chumba.

Walirudi nyumbani kwa teksi, mzee akimwelekeza dereva wapi pa kukata kona. Karani alimfikisha sebuleni, akamvua viatu, akamletea chai. Jua la saa tisa lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Mzee alikunywa nusu ya kikombe.

"Ulipoisoma," alisema, "ulicheka pale pa mlango wenye ukuta?"

"Nililia, baba."

"Pale nilitaka ucheke. Nilikaa siku mbili natafuta namna ya kulisema."

Karani akaketi chini, karibu na kiti. "Nisamehe."

"Ungeniambia tu," mzee alisema. "Baba, barua yako siipeleki. Ningenuna wiki moja, yangekwisha. Lakini mwaka mzima, mama! Unaniletea chai hapa hapa, unanisikia nikiwaambia watu watulie, mambo mazuri yanakuja. Nimewaapia mimi. Kwa jina langu."

"Nilikuwa nimekula kiapo."

"Najua ulikuwa umekula kiapo." Akakiweka kikombe kwa uangalifu, kama kingeweza kuvunjika chenyewe. "Nani amekuuliza habari za kiapo? Nazungumza habari ya barua."

Simu yake ikatetemeka juu ya meza ndogo. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Karani aliiona skrini ikijaa. Ni mashabiki wa jukwaani. Walijua ni leo, wamehesabu siku kwa wiki tano. *Mzee wa Lindo, umeionaje? Mzee wetu, sema neno moja tu. Walinzi wakoje? Imestahili kungojwa?* Mmoja alikuwa ameandika kwamba ameomba ruhusa kazini ili aketi asubiri jibu lake.

Mzee akaivuta simu kwa mkono wa kushoto. Akainua kidole. Kidole kikakaa hewani juu ya herufi.

"Kabla hatujaingia walitupa karatasi," alisema. "Nimetia sahihi. Kutosema lolote mpaka gemu itoke."

"Ndiyo."

"Nikisema si nzuri, si mbaya?"

"Hata hilo haliruhusiwi."

Akaandika neno, akalifuta. Akaandika jingine, refu zaidi, Karani akiona midomo yake ikilisoma, akalifuta nalo. Jumbe zilizidi kuingia, nyingi za furaha, wengine wameanza kujibizana wenyewe kwa wenyewe kwamba kimya chake ni dalili njema: mzee kaona makubwa, mzee kakosa la kusema.

Akamtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuondoa macho. Karani hakujua kilichokuwamo katika macho yale, kama ni lawama au ni kuelewa kulikoanza kuzaliwa.

Mzee akaigeuza simu, uso chini, akaiacha. Iliendelea kutetemeka. Kwa kila ujumbe ilisogea kidogo juu ya mbao laini za meza, upana wa ukucha, kisha upana wa ukucha tena, ikielekea ukingoni. Baba na binti waliiangalia ikienda, na hakuna kati yao aliyenyoosha mkono.