Uso wa Bibi Sakafuni

Sasa, yule mpiga pasi alifika kwenye maonyesho ya picha kabla ya mama yake, na heri alitangulia. Mama mtu alikuwa nyuma huko, anakuja mdogo mdogo na fimbo yake, kavaa gauni la kutokea, maana mjukuu alishamwambia, "Bibi, picha yako wataiona watu wote."

Na kweli waliiona. Kwa nyayo!

Mpiga pasi aliingia anaangalia kuta. Kuta tupu, nyeupe pe. Akadhani kakosea mlango. Kutupa macho chini, lahaula! Nyuso. Nyuso za wanawake wa kazi za mikono, kubwa kama mikeka, zimegundishwa sakafuni, na watu na glasi zao za juisi wanapita juu yake. Uso wa mama yake ulikuwa karibu kabisa na mlango, alama ya kiatu imekaa shavuni.

Damu ilimpanda. Huyu ni mtu ambaye kule kazini kwake, shuka la mteja asiyemjua likigusa tu sakafu analirudisha kwenye maji. Sembuse mama yake mzazi!

"Wewe!" Alimwita mpiga picha, mtoto wa kaka yake, bila kujali nani anasikia. "Njoo hapa!"

"Shangazi, karibu! Subiri nikueleze dhana..."

"Dhana yako ina mama?"

"Polepole, shangazi. Jamii inawakanyaga wanawake hawa. Sasa mtu akikanyaga, anajisikia vibaya. Ndiyo kazi yenyewe."

"Yule bwana anayetafuna pale juu ya pua ya mama yangu, anajisikia vibaya?"

Kijana akakohoa. "Lakini bibi alikubali kupigwa picha."

"Picha, ndiyo. Mateke je, ulimwambia? Bandua kabla hajafika!"

"Gundi imeshakauka, itachanika. Na wafadhili wako hapa, shangazi, usiniaibishe."

Mpiga pasi alijibwaga chini, puu, pembeni ya uso wa mama yake, akatandaza mikono. "Zunguka! Huoni mtu?" Watu wakazunguka. Wengine, jamani, wakatoa simu wakampiga picha, wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho.

"Inagusa sana," mama mmoja akanong'ona.

"Nitakugusa wewe!"

Hapo ndipo bibi alipotokea mlangoni. Akauangalia uso wake, akaliangalia lile shavu, kisha binti yake aliyekaa chini anatweta.

Mjukuu akawahi. "Bibi, dhana yake ni kwamba..."

"Lala."

"Nini, bibi?"

"Hapo, pembeni yangu. Lala na wewe tukukanyage, labda nitaelewa."

Kijana akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akachuchumaa, akaanza kubandua kwa kucha. Karatasi ikachanika mdomoni, jasho likamtiririka, shangazi yake anamtazama tu, hata kidole hakuinua kumsaidia. Alipomaliza akasimama na vipande mkononi.

Bibi akaonyesha uso wa pili kwa fimbo. "Na huyu? Huyu hana watu?"

"Bibi, ziko nyingi..."

Mpiga pasi akainuka, akamvutia mama yake kiti. Bibi akaketi, akalaza fimbo magotini.

"Mimi sina haraka," akasema. "Endelea."