Chumba Chini ya Njia ya Kurukia

Kila asubuhi, kabla ndege ya kwanza haijatua, waokotaji walijipanga mstari mmoja kwa upana wa njia ya kurukia, wakaanza kutembea pole pole wakiwa wameinamisha vichwa. Kazi yao ilikuwa kuokota chochote ambacho injini ingeweza kukivuta: skrubu, kokoto, kipande cha mpira wa gurudumu, kunguru aliyekufa. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa turubai kiunoni na sehemu yake ya kutazama, na aliyetazama ya mwenzake aliambiwa ana kiherehere. Walipofika mwisho wa njia, karibu na uzio, mstari ulisimama bila kuamriwa, ili Macho amjulie hali mama yake.

Macho ndilo jina alilopewa kazini, kwa sababu aliziona skrubu kabla wenzake hawajamaliza kupiga miayo. Alipiga magoti penye mwanya kati ya mabamba mawili ya zege, akaweka mdomo karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka chini. "Leo mmechelewa. Au na nyie mmeanza kulala kama mabosi?"

Mama alikuwa chini ya njia hiyo tangu ilipoongezwa urefu. Siku ya kuhama kupisha njia, majirani walijitwika magodoro na milango yao wakaenda zao. Yeye alikuwa na sufuria ya maharage jikoni, akasema hatoki mpaka yaive. Hakuwahi kuacha chakula motoni ujanani, hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Wajenzi nao walikuwa na tarehe yao. Walimngoja kidogo, wakatazama saa, kisha wakamwaga zege juu ya paa. Jioni ofisi ikatangaza kwamba wakazi wote wamehama kwa hiari. Baada ya tangazo hilo, kumtoa kungekuwa ni kukiri kwamba ofisi ilisema uongo, na ofisi haikuwa na mazoea hayo.

Basi akakaa. Mwanya ulikuwa na upana wa kidole, kwa hiyo vitu bapa vilipita: kitana, kisu, picha za wajukuu. Mchele na unga vilimiminwa kwa karatasi iliyoviringishwa, maji kwa mpira mwembamba. Taa hakuitaka, alisema nyumba ni yake na anajua kila kitu kilipo. Ndege zilipotua, vumbi lilidondoka kutoka darini, naye alishazoea kufunika sufuria kila aliposikia mngurumo. Watu walipomuuliza Macho habari za mama yake, alijibu kwamba yuko nyumbani, na hakuna aliyeuliza nyumbani wapi.

Kisha ikaja habari ya ndege kubwa. Picha zake zilibandikwa kwenye kila nguzo: ghorofa mbili za madirisha, mbawa zilizotoka nje ya karatasi. Ilikuwa haijawahi kutua katika uwanja huo, na mji mzima ulizungumza kama watu wanaopokea bibi harusi. Macho alimwendea nyapara wao akamuuliza ina uzito gani.

"Ni nzito, dada," nyapara akasema. "Nzito kweli kweli. Wanasema ikisimama, hata ardhi inajuta."

Tangu hapo Macho aliingiwa na hofu. Haikuwa hofu isiyojulikana inatoka wapi. Aliogopa dari litamwangukia mama yake. Nyumbani kwake alisogeza vitanda vya watoto vikae mbali na boriti, ingawa nyumba hiyo haikuwa na chochote juu yake isipokuwa mabati na mbingu.

Dada yake mkubwa, aliyeishi chumba cha pili, hakutaka kuzungumzia jambo hilo. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema huku akipiga pasi. "Tulimwambia mama atoke. Alitujibu nini? Maharage." Aliendelea kulipiga pasi gauni la mwanawe la kwendea kutazama ndege, likiwa limeshanyooka zamani, na machozi yake yalipolidondokea aliyapiga pasi pia.

Mhandisi alikuja kukagua njia akiwa na nyundo ndogo. Macho alimsubiri kule kwenye uzio.

"Mkuu, hapa chini yuko mama yangu."

"Najua," mhandisi akasema. "Ndiyo maana nimeanzia hapa."

Aligonga zege mara tatu. Kutoka chini akagongewa mara tatu. Mhandisi aliridhika, akaifuta nyundo kwa kitambaa.

"Pako imara," alisema. "Panajibu."

"Lakini ndege zetu zote huishia katikati. Hii je?"

"Hii inahitaji njia nzima. Itafika hadi hapa, itasimama, itageuka."

"Juu ya mama?"

"Juu ya zege," mhandisi akamsahihisha kwa upole.

"Basi mtoeni kwanza, mkuu. Hata mkimrudisha baadaye."

"Dada, kumtoa ni lazima tufunge njia. Tukiifunga, ndege kubwa itatua wapi?"

Alimpa mkono na kumtakia siku njema. Macho alibaki amesimama, ameshika jasho la mtu mwingine kiganjani.

Alichoweza kufanya ni kumhimiza mama yake ajiandae. Alimwambia aegemeze kitu kwenye dari.

"Nimeshaweka kabati la baba yako," mama akasema. "Miaka yote lilikuwa limesimama tu kama mwenyewe. Sasa limepata kazi."

"Na wewe ukae pembeni, mama. Usikae katikati ya chumba."

"Nitakaa ninapokaa. Umekula lakini?"

Siku ya ndege ilipofika, walitembea mstari mapema kuliko kawaida, na hawakupata hata kokoto. Halafu nyapara akamletea Macho ndoo ya lami ya moto. Injini za ndege kubwa zilining'inia mbali sana kutoka ubavuni, alieleza, nazo zingeweza kufyonza chochote kilichomo nyufani. Agizo lilikuwa kuziba kila mwanya.

"Ziba mwenyewe, dada," alisema. "Mkono wa mtoto si sawa na wa mtu baki."

Macho akapiga magoti. "Mama, naziba kidogo. Nitakufungulia ikishatua."

"Usiweke nyingi. Inanuka."

Akaziba. Lami nyingine ikamwagikia kiatu chake, na alipoinuka hakuweza kusikia tena sauti yoyote kutoka chini. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama mahali hapo bila kusikia chochote.

Watu walijaa nyuma ya uzio mpaka uzio ukajipinda. Dada mkubwa alikuwa miongoni mwao, amembeba binti yake mabegani, hatazami juu. Magari ya zimamoto yalipangwa pande mbili kumwagia mgeni maji. Kivuli ndicho kilichotangulia. Kilipita juu ya maghala, juu ya maegesho, juu ya watu, na kilikawia kumalizika, kiasi kwamba kuku wa jirani walirudi bandani. Ndipo ndege yenyewe ikatua, ikaja moja kwa moja, ikiwa haina haraka na haipunguzi mwendo, ikipita kila mahali ambapo ndege nyingine zingekuwa zimeshasimama.

Ilifika kwenye uzio. Ikasimama. Ikaanza kugeuka.

Mabamba ya zege yalididimia kama godoro mjomba mnene anapoketi. Kila mtu aliona. Macho aliona zaidi ya wote, na akajikuta amejishika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, kana kwamba ndicho kilichokuwa chini. Wageni waalikwa walipiga makofi. Rubani alifungua kidirisha akapunga mkono. Ndege ilipomaliza kugeuka na kuondoka, mabamba yaliinuka tena, lakini hayakufika pale yalipokuwa.

Nyapara akapuliza filimbi ili waende wakaokote. Macho hakungoja mstari. Alikimbia, jambo lililokatazwa kabisa kule njiani, akaangukia magoti na kuanza kuikwangua lami kwa skrubudereva, kisha kwa kucha.

"Mama!"

Akaendelea kukwangua.

"Mama! Mama!"

Wenzake walifika wakasimama nyuma yake. Mwokotaji mmoja mzee alivua kofia, kisha akaona haraka hiyo si ya adabu, akaivaa tena.

Chini mtu alikohoa.

"Usipige kelele," mama akasema. "Nimekusikia tangu mwanzo. Nilikuwa natema vumbi."

Macho alilia kwa kwikwi, paji la uso limegusa zege.

"Umeumia?"

"Kabati limekufa. Dari limeshuka. Nikisimama nagonga kichwa, kwa hiyo sisimami." Akatema vumbi tena. "Sufuria niliifunika mapema. Hiyo iko salama."

Kule kwenye jengo, mgeni rasmi alikuwa ameshika kipaza sauti. Alisema uwanja umedhihirisha uimara wake mbele ya dunia, na kwamba kuanzia kesho ndege hiyo itakuwa ikija kila siku. Watu walishangilia tena. Macho alitaka kuuziba mwanya kwa mikono yake, lakini maneno yalishapita.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Yule bwana angesikika hata kaburini." Akakohoa tena. "Niletee msumeno. Ung'oe mpini, ule upanga wake utapita. Nikate miguu ya kitanda mapema, nilale chini chini."

"Sawa, mama."

"Mwanangu."

"Naam."

"Naogopa."

Macho alikuwa amekaa na mama yake katika miaka ya njaa na siku ya msiba wa baba, na hakuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Alinyoosha mkono kumshika, vidole vikaishia kwenye zege.

Kesho yake mstari ulipofika kwenye uzio ulisimama kama kawaida. Macho aliuingiza upanga wa msumeno mwanyani, na kutoka chini ukapokewa, ukavutwa. Muda si mrefu ukaanza kusikika ukikata mbao. Waokotaji walisikiliza. Mmoja alisema msumeno mkavu hivyo ungepakwa sabuni kidogo, na mwingine akakubali.

Mnara wa kuongozea ndege ukaita kwenye redio. Nyapara akaleta ndoo.

"Ziba, dada. Inakaribia."

"Mama, sogea pembeni, inakuja."

"Wewe ziba tu," mama akasema bila kuacha kukata. "Bado miguu miwili."

Macho alimimina lami pole pole, na msumeno uliendelea kusikika mpaka mwanya ulipojaa. Nyapara akapuliza filimbi, na mstari ukatoka njiani.